Panya Aliyekimbia Gizani

Kwa miezi minane kazi yangu ilikuwa kumfuatilia panya akikimbia. Niliifanyia nyumbani kwetu mtaa wa Waberi, Garissa, kwenye kompyuta, maana maabara yenyewe ilikuwa Nairobi. Huko panya alishikwa kichwa kisitikisike, akawekwa juu ya mpira unaozunguka, mbele ya skrini. Akikimbia, ujia uliochorwa kwenye skrini ulisogea kana kwamba anaupita. Nyaya nyembamba zilirekodi seli za ubongo wake zinazohusika na kuona. Mimi nililetewa rekodi.

Profesa aliyenisimamia aliniagiza nifute dakika zote za kukimbia.

"Hizo ni fujo tu," alisema kwa simu. "Tunachunguza macho, si miguu."

Sikufuta. Nililinganisha picha ileile, panya akiwa amesimama na akiwa mbioni. Seli nyingi ziliitikia kwa nguvu zaidi alipokimbia. Kisha nikakuta rekodi moja ambayo skrini ilikuwa imezimika. Giza tupu, lakini panya alipoanza kukimbia, seli za kuona zikaamka! Nilimwandikia profesa kurasa sita. Alijibu neno moja: "Sawa."

Mwaka uliofuata akaja Garissa kutoa mhadhara. Nilikaa mstari wa pili na mama, aliyetaka kujua ni kazi gani hiyo inayonifungia chumbani. Mchoro wa kwanza ukutani ulikuwa wangu, hadi rangi nilizochagua.

"Niligundua jambo hili," profesa alisema, "baada ya kukataa kufuta dakika za kukimbia." Halafu akaninyooshea kidole. "Na huyu binti hutusaidia mambo ya kompyuta."

Watu wakanipigia makofi. Makofi! Nilihisi uso unawaka.

"Hooyo, una nini?" mama alininong'oneza kwa Kisomali, akiniita kwa neno ambalo mama humwita mwanawe.

"Ile kazi ni yangu."

"Sasa mbona umekaa?"

Mwanafunzi mmoja aliuliza walijuaje kwamba lile giza lilikuwa giza kweli. Profesa akababaika, akasema huenda mashine ilikosea. Hapo nikasimama.

"Haikukosea. Kipima mwanga kando ya skrini kilisoma sifuri, na taa za chumba zilikuwa zimezimwa. Nilikuandikia, Profesa, ukurasa wa nne. Wewe ndiye uliyeniambia nifute."

Watu wakamgeukia profesa. Mama, ambaye hakuelewa hata nusu yake, alikuwa akimkazia macho yule mtu.

Nje, profesa alinifuata. "Umenivunjia heshima mbele ya watu."

"Na yangu uliiweka wapi?"

Makala ya utafiti huo ilipotoka katika jarida la sayansi, jina langu lilikuwa la tano kati ya waandishi, nyuma ya mtu ambaye hakuwahi kufungua rekodi hata moja. Niliwaandikia wahariri, nikaambatisha zile kurasa sita. Baada ya majibizano marefu wakanipandisha hadi la pili. La kwanza bado ni lake.

Wenzangu wananiambia nishukuru. Sishukuru. Nimeacha kazi kwake, nafundisha baiolojia hapa mjini, na kila nikifika kwenye somo la ubongo nawaambia wanafunzi wangu waziwazi ni nani aliyemwona yule panya.