Kurasa za Upepo

Harufu ya karanga zinazokaangwa kwa chumvi hunifanya niinamishe uso hadi leo, mimi mjane ninayetembea kichwa juu hapa Mwankoko. Wasomaji wangu, jambo hili sijawahi kumsimulia mtu.

Nilikuwa na miaka tisa, sijaanza shule. Kaka yangu Elia, mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa tatu, alifika nyumbani kwetu, katika kijiji kilicho jirani na Ikungi, Jumapili ya kwanza ya Juni. Alisimika mlingoti uani, akafunga juu yake vikombe vinne vya bati vilivyozungushwa na upepo. Asubuhi, adhuhuri na jioni alihesabu mizunguko yake na kuiandika daftarini.

"Elia, umesoma kote huko uje kuhesabu upepo?" majirani walimtania.

"Mama, upepo huu unaowang'olea mabati ndio utakaowasha taa pale zahanati," alimjibu mmoja wao.

Chuo kilimwahidi mtambo wa majaribio wa kufua umeme kwa upepo, mradi apeleke vipimo vya miezi mitatu kamili. Akivikosa, mtambo ungekwenda mkoa mwingine.

Jumatano ya mwisho ya Agosti, siku ya mnada, mama alinituma kuuza karanga. Karatasi za kufungia zilikuwa zimekwisha. Nikalichukua daftari la kaka, nikachana kwa uangalifu kurasa zote zilizoandikwa, nikamwachia zile safi. Nilijiona mtoto mwenye akili sana. Nilidhani karatasi iliyokwisha kuandikwa imemaliza kazi yake.

Saa saba kaka alikuja mnadani anatweta.

"Mdogo wangu, nani kagusa daftari langu?"

"Mbuzi, kaka. Amekula."

Pembeni yetu mzee mmoja alikuwa akitafuna. Akaikunjua karatasi yake. "Binti, niongeze karanga. Humu umenijazia hesabu tupu!"

Kaka aliitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi. "Mbuzi wetu anajua kufunga karanga," alisema taratibu. Akaondoka, akawa anainama huku na huku kati ya miguu ya watu na ya ng'ombe, akiokota. "Mhandisi amegeuka mwokota taka!" watu walipiga kelele. Walicheka. Nami nikacheka pamoja nao.

Alipata kurasa saba. Jioni baba alipouliza, kaka alijibu, "Nimezipoteza mwenyewe, baba." Akaitwa mzembe mbele ya wageni. Mimi niliendelea kula ugali wangu, nikifurahi kuwa nimeikwepa fimbo.

Mtambo ulikwenda kwingine. Miaka kumi na miwili baadaye nilijifungua mtoto wangu wa kwanza katika zahanati ile, kwa mwanga wa kibatari. "Sogeza taa, sioni!" mkunga alimfokea mama mkwe wangu, na katikati ya uchungu nilikumbuka ni nani aliyekitia giza chumba kile.

Baada ya kufiwa na mume nilijiunga na kisomo cha watu wazima. Huko ndiko nilikoelewa kwa nini kaka hakuweza kuziandika upya kurasa zile: upepo wa jana haupimwi leo. Kaka bado hunitembelea. Namwamkia shikamoo, namwandalia chai, tunazungumzia wajukuu. Neno "nisamehe" hunifika kooni, nami hulimeza.