Mitalawanda ya Kijapani

Natamani ningekataa mjukuu wangu Zahra aliponialika makumbusho mapya hapa Toronto, yaliyojengwa kuhifadhi mkusanyo wa tajiri mmoja wa sanaa za Kijapani. Zahra alikuwa kwenye majaribio ya kazi ya kuongoza wageni.

"Babu, please, tulia. Usiguse kitu."

Kutulia sikuweza. Tulivuliwa viatu mlangoni, sakafu ilikuwa baridi, na kibofu cha uzee hakina subira. Nilikaa, nikainuka, nikazunguka. Ndipo nikaona mitalawanda kwenye kizingiti cha chumba cha mikeka, imeelekezwa nje, kama ile ya kuendea msalani msikitini kwetu Tanga. Nikasema moyoni, hawa ni watu wastaarabu. Nikaivaa, nikaenda haja, nikanawa na miguu kabisa.

Nilirudi nikigonga ko, ko, ko, huku nikichuruzika maji. Zahra alikuwa amewasimamisha wageni mbele ya kizingiti kitupu, akitafuta kwa macho mitalawanda ya maonyesho. Wote wakageuka kutazama miguu yangu.

Mkuu wake akamuuliza kama ananifahamu.

"Ni babu yangu," akajibu.

Kazi ile hakupewa.