Vidude Vinavyopelekeana Habari

Kila Julai mtafiti wa mtaa wetu hurudi Bariadi likizo, na kila akiulizwa kazi yake huchovya kidole kwenye chai na kuchora mshipa wa damu juu ya meza. Ndani ya mshipa huweka nukta mbili. Hizo, anasema kwa sauti ya chini kama anayemsengenya mtu, ni vidude vidogo kuliko chembe ya damu, na yeye anavifundisha kupelekeana habari mwilini. Amevifundisha miaka kumi na tisa, na bado havijatoka maabara. Akimaliza hufuta meza kwa kiganja, akakipangusa kwenye gauni, akaomba chai nyingine.

Mwaka huu alimkuta jirani yetu, mama Salu, ameketi kitandani na kidonda mguuni kisichopona. Mama huyo ana sukari, lakini hospitali hataki, anasema amerogwa. Mtafiti hakubishana naye. Alipiga magoti, akalaza sikio kwenye goti la mama Salu, akafumba macho.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Tulia, mayu, mama yangu. Nasikiliza vidude vyangu."

"Vinasemaje?"

"Vinasema jana umekunywa soda mbili, ukaficha chupa uvunguni."

Mimi nilikuwa mlangoni, na chupa zenyewe nilikuwa naziona zikichungulia chini ya kitanda. Nikauma midomo. Mama Salu aliuvuta mguu wake, akautazama kama mtu aliyemchongea, kisha akajifunga kitenge.

"Twende hospitali," alisema, "kabla havijasema mengine."