Siku Nyangeta Alipoomba Nisimjibu Kwanza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila ninapowaona mkifunga skafu zenu za skauti na kubishana nani atabeba betri. Nimesikia kwamba Jumamosi mnapanda mawe ya Mkuyuni na zile redio za kupokezana maneno. Nimesikia pia baadhi yenu mnanung'unika, ya nini redio na simu tunazo mfukoni. Sibishani nanyi. Kaa nikusimulie, halafu utapima mwenyewe.

Shule niliiacha darasa la sita. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nami nikabaki na wadogo watatu katika chumba kimoja Kirumba. Nikaanza kuanika dagaa. Wazee husema ukubwa ni jaa, kila takataka hutupwa hapo, na mimi nilikubali kuwa jaa bila kulalamika. Lakini jaa langu, mwanangu, lilikuwa na mdomo! Tangu kunapopambazuka nilikuwa nasema: oga, kula, soma, rudisha hiyo ndoo, usinijibu. Niliamini hayo ndiyo malezi.

Anayenifuata, Nyangeta, alikuwa kidato cha pili. Matokeo yake yalishuka muhula baada ya muhula, hesabu ndiyo usiseme. Nikamwambia, yakirudi hivyo tena basi shule imekushinda, utavaa kanga tukaanike dagaa wote. Sikusema kwa hasira. Nilikuwa nimeshaamua, naye alijua kwamba nikiamua sirudi nyuma.

Nyangeta alikuwa skauti. Siku hiyo kiongozi wao alikuwa amemwalika Mzee Kaijage, Mhaya mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya redio miaka mingi kwenye meli za ziwani. Alikuwa na kibali cha serikali cha kuzungumza hewani na watu wa mbali, si kwa mshahara wala biashara, kwa kupenda tu. Mimi nilipanda nao mawe hayohayo ya Mkuyuni kwa sababu ya sufuria: niliombwa niwapikie vijana ugali.

Wakagawanywa. Nusu walikuwa nasi juu ya mawe, nusu walibaki ufukweni Kirumba na kiongozi wao, wakiwa na redio ndogo ya mkononi kama ile tuliyokuwa nayo sisi. Nyangeta alikuwa huko chini. Mzee alifunga jiwe kwenye kamba, akalirusha juu ya tawi, akapandisha kwa kamba hiyo waya mrefu wa kunasia mawimbi, akaushusha hadi kwenye redio yake kubwa iliyokaa kando ya betri ya gari. Akazungusha vitufe kidogo, na sauti ya mtu wa Bukoba ikatoka, wazi kana kwamba amekaa kwenye jiwe la pili. Vijana wakapiga kelele.

"Huyo nilisoma naye," Mzee akasema.

"Mzee, nyinyi Wahaya, nani hamkusoma naye?" nikamtania.

Akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Kisha akachukua redio ya mkononi akatufundisha. Kwanza sikiliza kama njia iko wazi. Bonyeza kitufe, sema kwa kifupi, malizia kwa "ova" ili mwenzako ajue zamu ni yake, halafu achia. Ukiwa umebonyeza husikii kitu, na mwenzako hawezi kupita.

Vijana wakajaribu mmoja mmoja. Mwishowe akaniita, "Dada wa dagaa, njoo nawe. Ugali hautakimbia."

Nikabonyeza. Nikasema: "Nyangeta! Umekula? Umevaa viatu? Usisogee majini. Na yale matokeo ya hesabu usidhani nimeyasahau kwa sababu leo mna michezo. Mwenzako nilitamani shule sikuipata, wewe umeipata unaichezea. Nimekwambia mara ngapi? Na ukirudi nyumbani..."

Vijana walikuwa wanacheka wameziba midomo. Mimi naendelea. Mzee Kaijage akanishika kifundo cha mkono, taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu mkononi.

"Waitu," akanibembeleza kwa Kihaya chake, "achia kitufe."

"Bado sijamaliza, Mzee."

"Najua. Hutamaliza. Redio hii ina mlango mmoja, mwanangu, na wewe umesimama mlangoni. Huyo mtoto huenda anazama huko, nawe unamuuliza viatu. Achia, tumsikie."

Nikaachia. Redio ikakoroma kidogo. Ndipo sauti ya Nyangeta ikaja, ndogo lakini haitetemeki.

"Shikamoo, Dada. Nimekula. Viatu ninavyo. Naomba usinijibu mpaka niseme ova. Mimi sioni ubaoni. Tangu mwaka jana. Naona weupe tu. Hesabu nanakili kwa Rehema, naye akikosea tunakosea wote. Nilitaka kukuambia siku nyingi, ila nyumbani sijapata pa kuanzia. Usiniachishe shule, Dada. Ova."

Nilitaka kuuliza kwa nini hakusema, lakini jibu nilikuwa nimekwisha kulisikia. Tuliambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu, na sikusikia la mdogo. Guu lililokaribia kuvunjika lilikuwa lake.

Nikabonyeza. "Nimekusikia, mdogo wangu. Hutaacha shule. Ova."

Mzee akarudi kwenye waya wake bila kuniongezea neno. Hiyo nayo ilikuwa hekima yake.

Jumatatu sikuanika dagaa. Nilimpeleka hospitali, wakampima macho, akapata miwani, na mwalimu akamhamishia dawati la mbele. Usidhani hesabu zilimpenda ghafla. Hazikumpenda hata kwa miwani. Lakini alimaliza, akasomea uuguzi, na leo yuko zahanati upande wa Usagara. Wagonjwa wanamsifu kwamba anawaacha waseme mpaka mwisho kabla hajashika kalamu.

Basi sikia nasaha yangu, mwanangu. Huenda kesho ukawa kiongozi wa doria yenu ya skauti, keshokutwa mzazi, au msiba ukakufanya mzazi kabla ya wakati kama mimi. Kuwapenda walio chini yako na kuwasemesha kutwa si kitu kimoja. Unaweza kumlisha mtu, ukamvisha, ukamfia, na usijue kinachomsumbua, kwa sababu hukunyamaza akakuambia. Kila siku mpe mdogo wako nafasi ya kusema ambayo hutaikatiza. Na wewe unayesemewa kila siku, usiache neno likuozee moyoni. Omba zamu yako kwa adabu kama alivyoomba Nyangeta, shikamoo mbele, na useme lako lote. Mkubwa mwenye mapenzi atasikia, hata akichelewa.

Nenda salama. Mungu akulinde kwenye mawe yale, miguu yako isiteleze. Akupe neno la kweli siku utakayotakiwa kusema, na moyo mtulivu siku utakayotakiwa kunyamaza. Na wadogo zako, popote watakapokuwa na shida, jina lako liwe la kwanza kuwajia mdomoni, wala wasiogope kuliita.