Mama wa Simu na Nyaya Zake

Ramila, mwenye duka la vitambaa mjini Nyamira, alikuwa ameomba simu ya Mombasa tangu asubuhi, kwa sababu binti yake Alpa alikuwa hospitalini huko akijifungua. Alikaa kwenye benchi la posta akimtazama opereta wa simu, mama mnene mwenye kalamu nyweleni, ambaye mikono yake haikujua kupumzika. Mkono mmoja ulichomeka waya wa Suneka kwenye ubao wa kuunganishia simu huku mwingine ukichomoa wa Keroka, na sauti yake nzito haikuwa na haraka: "Kiwanda cha chai, ngoja kidogo. Mwalimu, ongea sasa. Kisii, nijaribie Mombasa tena." Ombi hilo la Mombasa alilirudia kila baada ya dakika chache bila kukumbushwa, kisha akamgeukia Ramila na kutikisa kichwa.

Saa saba mchana mikono ile ilisimama ghafla. "Mama Alpa, ingia kibandani! Ni mkwe wako." Ramila alikwenda mbio, na alipotoka alikuwa akilia na kucheka. "Ni msichana! Wote wazima!" Opereta akapiga makofi mara moja, akaunganisha laini zote zilizokuwa zikingoja, akasema, "Mnisamehe kwa kuwachelewesha. Mama Alpa wa vitambaa amepata mjukuu sasa hivi." Halafu akavua vipokea sauti vyake, akamvisha Ramila, naye akasikia watu wa Suneka, Keroka na kiwandani, wasiojuana hata kidogo, wakimpigia vigelegele kwa pamoja.