Udongo wa Ndiva Ndani ya Mtumbwi

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka hata nikiwa napepeta mchele. Mume wangu Eliamini alirudi nyumbani mikono yake yote imejaa udongo hadi kwenye viwiko, anacheka peke yake. Nikamtania kwamba ameanza kufinyanga vyungu. Akasema, "Nimeziba mtumbwi. Hatumlipi mtu tena."

Nimeikumbuka kwa sababu juzi mjukuu wangu Eliya alikuja hapa Kifaru kunisalimia. Amenunua boti kuukuu ya faiba, anataka kuvua kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, ina ufa chini na injini yake inakohoa. Baada ya shikamoo na marahaba hata hakukaa vizuri. "Bibi, wewe umekaa na mtumbwi miaka yote ile. Niipeleke kwa mafundi au niitengeneze mwenyewe? Kwenye simu kuna watu wanaonyesha kila kitu."

Nikamwambia akae kwanza anywe chai. Na ninyi wengine mnaonisikia, mwenye pikipiki, mwenye pampu ya shamba, mwenye paa linalovuja, kaeni pia, maana swali ni lilelile.

Mimi na mume wangu tulizaliwa mlimani, Ngujini, huko Ugweno kwenye migomba na ukungu. Maji tuliyoyajua sisi ni ya mfereji na ya ndiva. Kama hujawahi kuiona, ndiva ni bwawa dogo la udongo walilolichimba babu zetu. Maji ya mfereji yanajaa humo usiku, na asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva haina fundi. Ikivuja, tunaitana kwenye msaragambo, kila nyumba inatoa mtu wa kufanya kazi, na asiyetokea anatozwa faini na kusemwa mpaka masikio yanauma. Udongo wa mfinyanzi unakandwa pamoja na nyuzi za mgomba, unashindiliwa kwenye tundu kutoka ndani, halafu watu wanaukanyaga mpaka unakaza. Baba mkwe wangu alikuwa msimamizi wa ndiva yetu, na Eliamini alikulia kwenye udongo huo. Kijijini hapakuwa na kijana aliyemshinda kwa kuziba.

Tulishuka tambarare kwa sababu shamba la ukoo lilikuwa limegawanywa kwa ndugu mpaka sehemu yetu ikatosha mkeka. Tukauza mtamba wetu, tukapata mtumbwi wa mbao. Mume wangu akavua. Mimi nikawa napakia ndizi na magimbi kutoka kwetu, tunavuka naye kuwapelekea wafugaji wa ng'ambo, tunarudi na maziwa na samli. Hatukuwa na kitu kingine. Mtumbwi ukikaa nchi kavu, chungu nacho kilikaa bila moto.

Basi mbao zikaanza kuachana kwenye maungio, maji yakawa yanachungulia. Pale kwenye mwalo, mitumbwi inapoegeshwa, alikuwepo Fundi Komba, mtu wa Ziwa Nyasa, ambaye mitumbwi yote ya upande wetu ilipita mikononi mwake. Eliamini akaenda, akasikia ujira wake, akarudi amekunja uso. Mnajua wanavyotusema sisi Wapare, kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Wanatuonea, lakini si sana.

"Kuziba tu," akalalamika. "Mimi niliyeziba ndiva, nimlipe mtu anizibie mwanya hata kidole hakipiti?"

Nami nikamsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wa kwangu nilimsifu kweli. Tena nilipanda mwenyewe hadi Ngujini nikateremka na udongo kichwani, kwa sababu alisema udongo wa huku chini hauna nguvu. Akaukanda na nyuzi za mgomba, akaushindilia kwenye mianya kutoka ndani ya mtumbwi kama alivyozoea, akausawazisha kwa kiganja. Ulipendeza, sitasema uongo. Tuliushusha majini, na wiki ile yote tukavuka bila kulowa nyayo. Mume wangu akawa anapita mbele ya kibanda cha Komba akipiga mluzi.

Jumapili tukauvuta nchi kavu, tukapanda mlimani kanisani, tukakaa kidogo na wazee. Jua la Kifaru halikupanda nasi. Lilibaki pale mwaloni likiuangalia ule udongo na kuukausha.

Tuliporudi tukapakia ndizi, tukaondoka. Wakati huo nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshaanza kuonekana. Tulipofika katikati ya bwawa nikasikia baridi kwenye vidole vya miguu. Nikatazama chini, nikaona bonge la udongo limetoka mahali pake, linagaagaa kama tonge la ugali lililomponyoka mtoto, na nyuma yake maji yanaingia. Eliamini akalirudisha kwa kisigino. Likakaa kidogo, likatoka tena. Akaliziba kwa mikono miwili, na upande wa pili bonge jingine likang'oka. Kila akishindilia kutoka ndani, maji yanalisukuma kutoka nje, na bwawa lina nguvu kuliko kisigino cha mtu.

Nikashika sufuria nikawa nachota namwaga, nachota namwaga. Kuogelea sikujua. Nani angetufundisha mlimani? Mtoto akiingia ndiva kuogelea anachapwa, kwa kuwa anachafua maji ya watu. Niliogopa, wala sioni haya kulisema. Niliogopa kwa ajili yangu, na zaidi kwa ajili ya yule aliye tumboni ambaye alikuwa hajaona hata jua. Tukazitupa ndizi zote majini. Eliamini akaacha kuziba, akashika kafi, akapiga kuelekea kwenye matete huku akiniita kwa jina langu, "Namsifu, usiache kuchota. Usiache." Sikuacha. Tulifika kwenye matete maji yakiwa magotini ndani ya mtumbwi, tukashuka tukasimama kwenye tope, tumeshika matete kwa mikono yote miwili. Wavuvi waliokuwa wanategua nyavu wakaja wakatuchukua.

Sikusema naye siku hiyo. Nilipika, nikamtengea, nikakaa kando. Nilikuwa na hasira naye, na yeye alijua.

Habari zilipanda mlimani kabla yetu, maana habari mbaya haihitaji nauli. Baba mkwe akateremka. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama mtoto anacheza tumboni. Nikasema anacheza. Akashusha pumzi, akaomba kupelekwa kwenye mtumbwi. Aliuzunguka, akachomoa kipande cha ule udongo, akakibonyeza kwa vidole akakitambua kuwa ni wa ndiva yake.

"Eliamini," akasema, "kwenye ndiva maji yanakaa upande gani?"

"Ndani, baba."

"Ukishindilia udongo kutoka ndani, maji yanaufanyaje?"

"Yanausukuma kwenye tundu. Yanausaidia kukaza."

"Haya. Na kwenye mtumbwi maji yanakaa upande gani?"

"Nje, baba." Mimi nikatazama chini, maana ule udongo niliubeba mimi.

Baba mkwe hakupandisha sauti. Alisema, "Sina ugomvi na mikono yako, hiyo nimeifundisha mimi. Nina ugomvi na mdomo wako. Fundi anakaa hapa, hatua chache. Ulimnyima kazi, sawa, mali ni yako. Hata kumuuliza kulikushinda? Swali analipisha?"

Mwanangu, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mume wangu akageuka upande wa pili kabisa. Akampelekea Fundi Komba mtumbwi, akamwambia, "Tengeneza kila kitu, ukimaliza niite, mimi niko mlimani." Alikuwa na aibu ya kukaa mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimpigia mluzi. Baba mkwe akamshika bega.

"Hapana. Ndiva ikizibwa, kila nyumba inatoa mtu. Huu nao ni msaragambo. Mtu wa nyumba yako atakuwa hapa mpaka kazi iishe."

Eliamini akatikisa kichwa. Nikasema, "Basi nitakaa mimi."

Mzee akanitazama, akatazama tumbo, akasema, "Kaa. Wewe ndiye maji yalikuwa yanakutaka."

Nikakaa. Fundi Komba aliupindua mtumbwi, akakwangua udongo wetu wote, na alicheka kidogo kuliko nilivyotegemea. Akasokota pamba, akailowesha mafuta, akaanza kuipigilia kwenye maungio kwa patasi butu na nyundo ya mti. Alipigilia kutoka nje, upande maji yanakokuja, kisha akapaka lami. Huko kuziba hivyo wenyewe wanaita kutia kalafati. Nikamwambia nataka kujaribu. Akanipa patasi. "Mkono wako una haraka, mama. Pigapiga kidogo, pamba iingie yenyewe." Nilipopinda mgongo akaniletea ndoo nikakalia.

Tulipofika kwenye ubao mmoja wa chini akanizuia. Akachukua msumari, akausukuma kwa kidole gumba, ukazama kama kwenye muhogo uliooza. "Mianya unaweza kuziba mwenyewe, umeshajua. Ubao kama huu usiuguse, niite mimi. Ukikosea kuuweka, mtumbwi wote utapinda." Akaung'oa, akaweka mpya, na hapo nilitazama tu.

Tangu siku hiyo kila asubuhi kabla mtumbwi haujashuka, nilipitisha kiganja chini yake, mbele hadi nyuma. Mianya niliziba mwenyewe. Mbao nilimwita Komba, na nilimlipa bila kukunja uso. Mara moja, akiwa ameshazeeka, alinirudishia mtumbwi, kiganja changu kikakuta ungio moja halina pamba kabisa. Nikamwonyesha. Akaligusa, akasema, "Ahsante, mama. Ungezama na jina langu." Sikumsema kwa watu. Fundi ana mitumbwi mingi, mimi nilikuwa na mmoja.

Eliamini alivua kwa mtumbwi ule mpaka alipochoka. Amekwisha kutangulia, Mungu amlaze pema. Hatukuzama tena.

Basi Eliya alipomaliza chai nilimwambia anishike mkono tukaitazame hiyo boti yake. Tukashuka polepole, magoti yangu siku hizi hayapendi mteremko. Akawaita vijana wenzake wakaipindua. Nikapitisha kiganja. Ufa niliuona, na pembeni yake nikakuta pameshawahi kubandikwa kitu kutoka ndani, kimebanduka. Nikamuuliza ni nani. Akajikuna kichwa. "Mimi, Bibi. Nilijaribu wiki iliyopita."

"Uliiingiza majini?"

"Karibu na ukingo tu."

Sikumgombeza. Nilimwambia kitu kimoja: "Yule mtoto niliyekuwa naye tumboni siku ile, wakati nachota kwa sufuria, ndiye baba yako."

Akainama akagusa pale palipobanduka. Halafu akanyanyuka, akaenda mwenyewe kwa fundi wa faiba aliyeko pale mwaloni, nikamsikia anamwambia, "Shikamoo. Naomba kuuliza." Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikamsubiri.

Mwanangu, neno langu ndilo hili. Jitengenezee vitu vyako, usiogope kuchafuka mikono, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa nyumba yako wewe ndiye utakayeuona kwanza. Lakini ujuzi wa kazi moja usiufanye kuwa wa kazi zote. Kabla hujaziba, jua maji yanatoka upande gani, na kama hujui, uliza. Hiyo simu nayo iulize, sikukatazi, ila yule aliyemo kwenye simu hatakuwa nawe katikati ya bwawa. Kile ambacho jicho lako na kiganja chako vinaweza kukikagua, fanya mwenyewe. Kile ambacho kikikosewa mtu anakufa, mlipe anayekijua, mlipe vizuri, na ukae pale akifanya. Akimaliza, usiseme kwa kuwa nimelipa basi. Mkono wa mwisho kugusa chombo kabla hakijaingia majini uwe wako.

Nenda sasa. Mungu akupe mikono inayofanya kazi na mdomo usioona haya kuuliza. Akupe fundi mwaminifu, na siku fundi akisahau, akupe kiganja chako kikumbuke. Ukitoka akutoe salama, ukirudi akurudishe na samaki, na maji yakae upande wake, nawe ukae upande wako.