Taya Lililokataa Kufunguka

Nilipanda basi kutoka Mbeya koo likiwasha kidogo tu. Nilikuwa nakwenda kwa shangazi yangu, kijijini Kilolo, mkoani Iringa, kumsaidia mapishi ya kipaimara cha mjukuu wake. Mume wangu alibaki nyumbani kwetu Mbeya, mtaa wa Soweto, na watoto. Mafindofindo tulishazoeana nayo, kila baridi ikija yananivimba. Nikadhani ni yaleyale.

Siku ya sherehe nilishindwa kumeza hata wali. Kesho yake maumivu yakajikusanya upande wa kulia, yakapanda mpaka sikioni, na homa ikanitetemesha juani. Nilipopiga mwayo, taya likagoma. Mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha kidole, basi. Mate nikawa natemea kwenye kikopo, maana kuyameza ilikuwa kama kumeza kigae.

Shangazi alinimulika kwa tochi ya simu, akachungulia kwa shida.

"Kimeo kimelala upande," akasema. "Ndicho kinachokuziba."

Nilitaka kusema "hospitali", lakini ilitoka sauti ya mtu aliyejaza tonge mdomoni, na hakuelewa. Shangazi ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Yeye mwenyewe alikatwa kimeo utotoni, na wanawe pia, na wote walikua. Kwake jambo hilo halikutofautiana sana na kutoboa masikio.

Mkata vimeo aliyeitwa na shangazi alifika kabla ya saa sita, mzee mpole mwenye koti zito. Alisalimia "kamwene", akaketi kwenye benchi karibu na jiko, akaomba maji ya moto, kisha akafungua kitambaa magotini. Ndani mlikuwa na chuma chembamba kirefu, kilichopinda mwishoni kama mundu, chenye makali. Shangazi alinikalisha chini na kukilaza kichwa changu kifuani pake. Nilisikia moyo wake ukienda mbio.

"Fungua, mwanangu," mzee akasema.

Sikuweza. Alijaribu kwa kidole gumba, machozi yakanitoka.

"Leteni kijiko tutanue."

Hapo niliusukuma mkono wake, nikachukua simu na kumpigia mume wangu. Alipopokea nilibaki nahema tu.

"Mbona huongei?" akauliza. "Kuna nini?"

Nikampa shangazi simu. Akaweka sauti ya juu ili na mzee asikie.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mkeo ameshukwa na kimeo. Mtaalamu yupo hapa, sasa hivi tunamaliza."

Nilijua kwa nini mume wangu hakukataa papo hapo. Alikuwa mbali, na mkwe hatoi amri.

"Anameza mate, shangazi?"

"Hamezi. Anatema."

"Anahema vizuri?"

Shangazi aliinamisha sikio karibu na mdomo wangu. "Anakoroma kidogo."

"Shangazi, wewe ndiye mama yake. Nakuomba kitu kimoja tu. Mpeleke hospitali leo. Wakisema ni kimeo, mrudishe hapo hapo, mimi sitatia neno."

Mzee alikitazama kile chuma, kisha akanitazama mimi. "Na mdomo wenyewe haufunguki," akasema taratibu. "Siwezi kukata nisichokiona." Akaanza kukunja kitambaa chake. Shangazi aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kitenge na sweta langu.

Tulipata pikapu iliyokuwa ikipeleka viazi Iringa mjini. Nilikaa nimeinama mbele, kwa sababu nikiegemea nyuma nilihisi nakabwa. Kila shimo la barabara lilinipiga sikioni. Shangazi alinifuta udenda kwa kitenge na kusali kwa Kihehe, midomo ikicheza bila sauti. Njia nzima alinishika kiganja. Kila koo langu lilipokoroma, alinibana zaidi.

Hospitalini daktari, dada mdogo kuliko mimi, aliniangalia mara moja tu, akaagiza nitundikiwe maji na kuchomwa dawa ya mshipa. Ndipo akamgeukia shangazi.

"Mafindofindo yalipata maambukizi, mama, yakateremka ndani zaidi. Sasa kuna jipu nyuma ya findo la kulia. Likiachwa linaweza kuziba njia ya hewa."

"Na kimeo?"

"Kimeo ni kizima. Usaha ndio umekisukuma upande. Kingekatwa angevuja damu, na jipu lingebaki palepale."

Shangazi alitazama mikono yake.

Walinipulizia dawa ya ganzi. Daktari akaingiza sindano ndefu kupitia ule upenyo mdogo wa mdomo, na mimi nikang'ang'ania kingo za kiti. Usaha ulitoka na harufu iliyomfanya nesi ageuze uso. Lakini kabla ya jioni nilimeza mate yangu mwenyewe, na niliyameza tena na tena, kama mtu anayehakikisha.

Siku ya kuruhusiwa daktari alituelekeza. Si kila koo linalouma linahitaji antibiotiki. Mengi ni virusi, hupona kwa vinywaji, dawa ya maumivu na kusukutua maji ya chumvi. Ila ukipimwa na kuandikiwa dozi, imalize hata kama umepata nafuu. Na mtu anayeumwa kila mara kama mimi, tena akafikia kupata jipu, afikirie kuyatoa mafindofindo yenyewe.

Niliyatoa Mbeya miezi kadhaa baadaye. Shangazi alikuja kutoka Iringa bila kuitwa, akasubiri kwenye korido mpaka nilipotolewa nikiwa na kiu na koo linalowaka. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Nililia kwa kijiko kimoja cha uji wa baridi. Usiku alikuwa akiniamsha kuangalia kama natema damu.

Asubuhi moja, mimi bado siwezi kuongea, nilimsikia akizungumza kwenye simu na jirani yake wa Kilolo. Mtoto wa yule mama alikuwa na homa na koo.

"Mpeleke akapimwe kwanza," alimwambia. "Leo hii. Usingoje."

Hakutaja kimeo. Akakata simu, akaja kuniuliza kama uji uongezwe maziwa.